Siku Euphrasia Alipomtoa Mwalimu Wake

Uamuzi wenyewe haukuwa mgumu. Kijana wa timu ya Butiama alitoka mbio kituo cha tatu kuja kile cha mwisho, kinachoitwa nyumbani, akajitupa chini na kuteleza kwenye vumbi, na mdakaji wa timu ya Musoma akamgusa begani kwa mpira kabla mguu wake haujafika kwenye kile kibao cheupe kilicholazwa ardhini. Euphrasia Wankyo alikuwa amechuchumaa hatua mbili tu kutoka hapo. Aliona glovu, akaona bega, akaona pengo la shubiri nzima kati ya kiatu na kibao. Akanyanyua ngumi.

"Auti!"

Besiboli ilikuwa na miaka michache tu katika shule za Mara, na waamuzi waliopitia semina walikuwa wanne. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Siku za kazi alifundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari pale Nyakato. Jumamosi alivaa kinyago cha chuma na kikinga kifua, akasimama nyuma ya mdakaji, akaamua mpira upi umepita vizuri na upi haukupita. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyopenda kuwaambia watu. Ilimfurahisha kuona kitu kwa nusu sekunde na kukitamka bila kuzunguka.

Siku ile Musoma, kabla hajashusha ngumi, akasikia jina lake.

"Euphrasia! Hebu njoo hapa."

Aliyeita alikuwa kocha wa Butiama, Mwalimu Abednego Matiko, mtu mrefu, mkavu, karibu miaka sitini, ambaye sauti yake ilitangulia popote alipokwenda. Waamuzi wengine walimjua kama kocha mbishi, basi. Euphrasia alimjua tangu Nyegina, alikomfundisha Hisabati miaka minne. Mwalimu Abednego alipoingia darasani, wanafunzi arobaini na tano walisimama kwa mshindo mmoja.

Miguu ya Euphrasia ilianza kwenda kabla hajafikiri. Aliacha kibao, akavuka mstari, akamfuata kocha mpaka kwenye benchi lake, kinyago mkononi kama daftari linalopelekwa kusahihishwa.

"Umeona nini?" akauliza Mwalimu.

"Ameguswa, Mwalimu."

"Umeona, au umekisia? Mimi nilikufundisha kuhakiki. Nenda kaangalie vumbi. Alama ya mguu iko juu ya kibao."

Alama ilikuwepo kweli, kwa sababu kijana alifika. Alichelewa, ila alifika. Euphrasia alilijua hilo vizuri. Lakini vijana wa Butiama walikuwa wanapiga makelele, na kidole kile kirefu kilichokuwa kikionyesha ubaoni miaka ile sasa kilikuwa kinamwonyesha vumbi. Akageuka, akatandaza mikono.

"Sefu. Amefika."

Musoma wakafungwa kwa pointi hiyo moja. Kocha wao, Mwalimu Brenda, hakuwa mtu wa fujo. Alimsubiri Euphrasia amalize kufungua kamba za kikinga kifua, akamsogelea.

"Madamu, nauliza tu. Wiki ijayo na mimi nikipaza sauti, nitabadilishiwa?"

Euphrasia aliinama kuokota kinyago chake. Brenda akaitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa, akaenda kukusanya magongo yao.

Mwamuzi mwenzake siku hiyo alikuwa Isaya, bwana mifugo wa Bunda, mtu wa maneno machache ambaye uwanjani husimama karibu na kituo cha pili. Walikwenda kula Makoko kwa mama ntilie, ugali na sato wa kukaanga. Isaya alikula nusu ya samaki kabla ya kusema lolote.

"Uliona auti?"

"Niliona."

"Basi macho yako hayana shida. Shida ni miguu. Ulimfuata. Kocha ndiye anakujaga kwa mwamuzi, mwamuzi haendagi kwa kocha. Na akija, asikukute unatetemeka, wala asikukute umekunja sura."

"Wewe unafanyaje?"

"Mimi nilizoea mnadani." Isaya alichomoa mwiba mdomoni. "Nikimwambia mtu ng'ombe zake hazipandi gari, zina ugonjwa, ananitukana mpaka mate yanamwisha. Namwacha. Nasikiliza kama ndani ya kelele kuna swali. Kama lipo, najibu, mara moja tu. Kama halipo, nanyamaza. Ila akinishika shati, au akiacha habari ya ng'ombe akaanza habari ya mama yangu, hapo tumemaliza."

"Na kama aliwahi kukufundisha?"

Isaya aligeuza samaki upande wa pili. "Hapo sijui. Walionifundisha mimi hawafugi."

Nyumbani, Euphrasia alimwambia mumewe habari yote. Silasi alikuwa seremala, mtu mpole ambaye hata mbao ikipinda aliibembeleza. Jioni iliyofuata Euphrasia alimsimamisha uani, akachora mstari chini kwa ncha ya jembe.

"Nifokee."

"Nikufokee nini?"

"Sema nimekosea. Sema mimi kipofu. Leo wewe ni kocha."

Silasi alikohoa. "Nadhani hapo... labda umekosea kidogo."

"Silasi!"

"Haya. Umekosea!"

Siku ya kwanza alifoka kama anayeomba chumvi. Siku ya pili akaanza kunogewa. Siku ya tatu alivua kofia akaitupa chini, akazunguka banda la kuku mara mbili akipiga kelele kwamba macho ya mwamuzi yamesahaulika kwenye ndoo. Euphrasia alisimama palepale, mikono nyuma, mabega yamelegea, akisubiri swali. Swali lisipokuja, alisema yaleyale kwa sauti ileile: "Nimekusikia, kocha. Uamuzi ni huohuo. Rudi kwenye benchi."

Hapo ndipo jirani yao, Mama Diana, alipoingia bila kubisha hodi, khanga ameikaza kiunoni.

"Baba, hapana! Mke hafokewi namna hiyo, tunasikia mpaka kwetu. Na wewe mama, unasimama tu umefunga mikono nyuma kama askari wa gwaride?"

Silasi aliokota kofia yake akajifuta nayo usoni. Euphrasia alicheka mpaka akakaa chini kwenye ule mstari. Walipomweleza, Mama Diana aliwatazama mmoja mmoja, akataka kujua straiki ni nini. Euphrasia akamwonyesha: mpira upite juu ya kibao, usiwe chini ya magoti ya mpigaji wala juu ya kifua. Mpigaji akishindwa mara tatu, ametoka.

"Basi na mimi nijaribu," akasema Mama Diana.

Alikuwa mkali kuliko wote. Alisogea mpaka pua zikakaribia kugusana, akauliza maswali matatu kwa mpigo, akajibu mawili mwenyewe, na alipoambiwa arudi kwenye benchi alisema benchi liko wapi, haoni benchi. Ilibidi Euphrasia atafute namna ya kusema neno moja bila kuinua sauti na bila kurudi nyuma hata nusu hatua. Alipofanikiwa, Mama Diana alipiga makofi.

"Hapo ningetoka mwenyewe," akasema.

Wiki tatu baadaye ratiba ikampeleka Bunda. Butiama dhidi ya Bunda, uwanja wa shule iliyo pembeni ya mji, na nyuma ya uzio wa miti shamba la pamba iliyokuwa imeanza kupasuka. Wazazi walikuja wengi, baadhi wametoka moja kwa moja mashambani, mifuko ya kuvunia bado iko mabegani.

Kabla ya mchezo Euphrasia alimwendea Mwalimu Abednego, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Umsalimie sana."

Kisha akawaita makocha wote wawili kwenye kibao. "Mwenye swali aje mmoja, aje anatembea. Auti na sefu, uliza, nitakujibu. Straiki hatujadiliani." Kocha wa Bunda aliitikia. Mwalimu Abednego alitazama mawingu.

Awamu tatu zilipita salama. Katika ya nne, mpigaji wa Butiama aliachia mpira uliopita juu ya kibao, usawa wa magoti kabisa, akidhani uko chini. Ilikuwa straiki yake ya tatu. Euphrasia aliitamka, kijana akaondoka na gongo lake.

"Chini hiyo!" ilisikika sauti kutoka benchi.

Hakugeuka. Mpigaji mwingine akaja. Mpira wa kwanza, usawa uleule.

"Straiki!"

"Chini kabisa! Jamani!"

Alivua kinyago. "Kocha, nimekusikia. Inatosha."

Mwalimu Abednego akatoka. Hakutembea, alikuja kwa ule mwendo wa kukata darasa kwenda kumkamata anayepiga soga nyuma. Euphrasia aliiamuru miguu yake ikae pale. Aliiweka mikono nyuma, mmoja ukishika kiganja cha mwenzake.

"Mipira yote miwili ilikuwa chini ya goti," akasema Mwalimu.

"Ilikuwa kwenye goti. Nimekujibu. Na straiki haijadiliwi, kwa hiyo hili ni onyo."

"Unanionya mimi?"

"Ninamwonya kocha wa Butiama."

Halafu Mwalimu akafanya jambo ambalo Euphrasia hakulifanyia mazoezi. Akawageukia watazamaji.

"Wazazi! Huyu mnayemwona, kidato cha pili alipata asilimia kumi na nane kwenye Hisabati yangu! Kumi na nane! Leo ndiye anatupimia urefu wa magoti!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Hata mdakaji wa Bunda alificha uso kwenye glovu. Euphrasia alihisi masikio yanawaka. Na ilikuwa kweli. Ilikuwa kumi na nane, aliikumbuka karatasi yenyewe, wino mwekundu kwenye kona. Alisubiri kicheko kipungue, akitafuta ndani ya maneno yale kama kuna swali. Hakuliona. Hapakuwa hata na mpira ndani yake. Alikuwemo yeye tu.

Akanyoosha mkono kuelekea nje ya uzio.

"Kocha, umetoka."

Kicheko kilikatika.

"Nitoke?"

"Nje ya uwanja, Mwalimu. Msaidizi wako ataendelea."

"Sitoki."

"Ninasubiri dakika moja." Euphrasia aliinua mkono wa kushoto akatazama saa. "Ikiisha bado uko hapa, mchezo umekwisha na Bunda wameshinda. Vijana wako hawajakosa chochote."

Hakumtazama usoni. Alijua akimtazama angeona darasa la Nyegina, na miguu ingemsaliti. Alitazama mshale wa sekunde. Ishirini. Thelathini. Isaya alikuwa amesogea kidogo kutoka kituo cha pili, akasimama mahali ambapo angeonekana. Kwenye benchi la Butiama nahodha wao, Robert, alikuwa amesimama na gongo mkononi, akimwangalia kocha wake kama mtoto anayeona baba yake anagombana sokoni.

Sekunde ya arobaini na tano, Mwalimu Abednego aliwatazama vijana wake. Akavua kofia. Akampa msaidizi wake, Mwalimu Grace, daftari la wachezaji, akatembea polepole kupita uzio, akaenda kusimama ukingoni mwa pamba, mgongo kwa uwanja.

Euphrasia alichomoa brashi mfukoni, akainama akaanza kusafisha kibao ambacho hakikuwa na vumbi hata kidogo. Kisha akainuka.

"Tuendelee," akasema.

Butiama walishinda kwa pointi mbili. Mwalimu Grace hakutamka maneno kumi mchezo mzima. Na Mwalimu Abednego, kule kwenye pamba, alikuwa amegeuka kitambo akitazama, na vijana wake walipofunga pointi ya mwisho alipunga kofia, kisha akakumbuka ametolewa, akaishusha.

Usiku wa siku hiyo Euphrasia alilala usingizi mmoja. Asubuhi akaandika ripoti ya nusu ukurasa kwa afisa michezo. Aliandika maneno kama yalivyosemwa, na akaandika pia kwamba kocha aliondoka kabla dakika haijaisha na hakugusa mtu. Alipomaliza alikaa akiitazama. Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwamba katika mchezo wa Musoma alibadilisha uamuzi sahihi kwa sababu ya kelele za kocha, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake.

Afisa michezo alimpigia simu. Mwalimu Abednego angekosa mchezo mmoja. "Ila hii karatasi ya pili, madamu, haikuwa lazima."

"Kwangu ilikuwa lazima," akasema Euphrasia.

Mtu aliyekuwa mgumu kuliko afisa alikuwa mama yake. Jumapili, baada ya misa huko Nyegina, walikaa wanapepeta mtama, na mama hakumtazama.

"Nimesikia kanisani. Umemfukuza Mwalimu mbele za watu."

"Nimemtoa mchezoni, mama."

"Yule mtu alikuwaga anakuja hapa na baiskeli yake. Siku tatu mfululizo. Baba yako alishaamua ubaki nyumbani, mahesabu yamekushinda, basi. Mwalimu akakaa pale mlangoni akasema hesabu zimemshinda ila kichwa kinafanya kazi, mwacheni. Siku ya tatu baba yako akachoka kukataa." Mama alirusha mtama juu, makapi yakaruka. "Huyo ndiye unamwonyesha njia ya kutoka."

Euphrasia hakuwahi kusikia habari ya siku tatu. Alijua siku moja tu.

"Ningemwacha, mama, vijana wa Bunda wangesema mwamuzi ana mwenyewe."

"Ulimsalimia?"

"Kabla ya mchezo, ndiyo."

"Na baada ya kumtoa?"

"Alikuwa mbali."

"Mkikutana umsalimie," akasema mama, na akamsogezea ungo wa pili. "Hayo mengine siyajui."

Walikutana kwenye fainali. Butiama walicheza nyumbani dhidi ya Musoma ya Mwalimu Brenda, na uwanja ulikuwa malisho yaliyosawazishwa, umezungushiwa kamba ya katani pande zote, na ng'ombe wanakula majani nyuma ya kamba kana kwamba hakuna kinachoendelea. Euphrasia alifika mapema. Mwalimu Abednego alikuwa anapiga chokaa mstari wa kituo cha kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliinuka taratibu, mkono kiunoni. "Marahaba." Hakuuliza habari ya mama. Lakini alisogeza ndoo ya chokaa ili Euphrasia apite bila kuruka, na kwa siku ile ilitosha.

Mchezo ulikuwa mzuri. Vijana walikimbia, watu waliimba, jua halikuwa kali. Mara mbili Mwalimu alisimama kwenye benchi baada ya straiki, na mara mbili akakaa mwenyewe. Mpaka awamu ya mwisho timu zilikuwa tano kwa tano.

Ndipo mpigaji wa Musoma alipoupiga mpira mbali, upande wa kulia. Ulidunda, ukadunda tena, ukafika kwenye kamba penye ng'ombe, vumbi likatimka. Mlinzi wa Butiama alifika akauokota na kuurusha, lakini mpigaji alishazunguka vituo vyote. Alipokanyaga kibao, Euphrasia, ambaye kutoka pale hakuona kingine zaidi ya vumbi na mkia, alionyesha pointi. Musoma sita, Butiama tano.

Mwalimu Abednego akatoka kwenye benchi.

Watu wakasogelea kamba, maana habari ya Bunda ilikuwa imefika kote. Alikuja anatembea. Alisimama hatua tatu kutoka kwa Euphrasia, akavua kofia.

"Mwamuzi," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nina swali. Mpira ukidunda ukatoka nje ya kamba, mpigaji anapata vituo viwili tu. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Naomba umuulize mwenzako kama ulitoka. Ni hilo tu."

Alikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri. Euphrasia alisema, "Nisubiri hapa," akaenda kwa Isaya katikati ya uwanja, wakawapa watu mgongo.

"Uliona?"

"Ulipita chini ya kamba," akasema Isaya. "Ukampiga ndama mguuni, ukarudi ndani. Nilikuwa nataka kukuita, ila nilisubiri uje."

"Una hakika?"

"Ndama namjua kuliko mpira."

Euphrasia alirudi, akaonyesha vidole viwili. Pointi ikafutwa, mpigaji akarudishwa kituo cha pili. Butiama wakashangilia. Na papo hapo, kutoka benchi la pili, Mwalimu Brenda akaja. Naye alitembea, ila mashavu yalimtetemeka.

"Umembadilishia tena," akasema kwa sauti ya chini. "Kule Musoma ulimbadilishia, na leo umembadilishia."

Mwalimu Abednego alifungua mdomo. Euphrasia akamwambia bila kugeuza kichwa, "Kocha, rudi kwenye benchi, sasa ni zamu ya mwenzako," na Mwalimu akarudi.

Kisha akamtazama Brenda moja kwa moja.

"Kule Musoma nilibadilisha kwa sababu ya kelele. Kijana wako alimgusa, niliona kwa macho yangu, na nilikudhulumu. Naomba radhi, nimeshaandika hivyo kwenye ripoti. Leo sikuona. Mwenzangu ameona mpira ukitoka nje ya kamba ukampiga ndama. Hata ungekuwa wewe umeuliza, ningebadilisha."

"Ndama?"

"Yule mweupe."

Brenda alitazama ng'ombe. Ndama mweupe alikuwa amesimama kando ya mama yake, ananusa mguu wake wa nyuma. Brenda alipumua kwa nguvu, mashavu yakatulia.

"Umeandika kweli? Ile ya Musoma?"

"Ukurasa mzima."

"Haya," akasema Brenda. "Vituo viwili."

Mpigaji aliyefuata aliupiga mpira wa chini, ukapita katikati ya miguu ya mlinzi wa kituo cha kwanza, na yule wa kituo cha pili akarudi nyumbani bila kubughudhiwa na mtu. Butiama walipata zamu yao ya mwisho, wakapigana, Robert akafika mpaka kituo cha tatu, lakini hawakupata kitu. Musoma wakawa mabingwa kwa sita kwa tano. Vijana wa Butiama walikaa chini kwenye majani, wengine walilia kidogo, halafu wakainuka kwenda kupeana mikono.

Chakula kilipikwa na shule mwenyeji: wali, nyama, maziwa mtindi kwenye jagi. Makocha na waamuzi walikaa meza moja chini ya turubai. Mwalimu Abednego alinawa, akachukua sahani ya kwanza iliyopakuliwa, akaizungusha meza nzima akaiweka mbele ya Euphrasia.

"Kule Bunda," akasema, akabaki amesimama, "ulinitoa sawasawa. Lile neno la kumi na nane halikuwa la uwanjani. Wala si la mahali pengine popote."

"Nimekusikia, Mwalimu. Na mama ameniambia ulikuja siku tatu. Sikujua."

"Siku nne," akasema Mwalimu, akikaa. "Ya kwanza baba yako alijificha."

Euphrasia alicheka, akanywa mtindi. Isaya alijaza sahani yake bila kuwatazama.

"Ila ile straiki," akaanza Mwalimu Abednego.

"Mwalimu."

"Sisemi na mwamuzi. Nasema na Mwalimu Brenda." Alisukuma sahani tupu mbele ya Brenda. "Tuseme hiki ni kibao. Goti la kijana wangu liko hapa, kwenye ukingo wa meza. Mpira umepita hapa chini, penye kijiko. Wewe ungesemaje?"

Brenda aliinama, akakiangalia kijiko kwa makini, akakisogeza juu kidogo kwa kidole. "Kilikuwa hapa. Nimeambiwa na watu wa Bunda."

"Watu wa Bunda walikuwa wanachuma pamba! Mimi nilikuwa nimesimama pale!"

"Na wewe ulikuwa pembeni, Mwalimu, goti huwezi kuliona ukiwa pembeni."

"Euphrasia! Hebu mwambie."

Euphrasia alichagua mfupa wenye nyama nyingi, akauweka kwenye sahani yake, akajisogeza vizuri kwenye kiti.

"Mchezo umekwisha," akasema. "Mimi nakula."